Upande wa Kushoto wa Hedifoni

Nilinunua hedifoni zenye mgongo wazi kwa sababu ya shikamoo. Narekodi kwaya na kuzichanganya sauti hapa nyumbani Gitting, na kwetu mtu mzima akiingia uani, kijana anatoka kumwamkia. Hedifoni zilizozibwa huku nje zilinifanya nisisikie mtu, nikaonekana sina adabu. Hizi zina matundu mgongoni. Ndani yake hakuna koni kama ya spika bali utando mwembamba uliotandazwa katikati ya sumaku, na sauti ya nje inaingia bila kizuizi. Nilizipenda kuliko viatu vyangu vya kanisani.

Kisha mwalimu wa kwaya akanipigia simu kutoka Katesh. Alisema kazi yangu imeegemea upande mmoja: spika ya kushoto inapiga kelele, sauti ya kwanza, iliyo upande huo, imezifunika nyingine. Ikitokea tena, wangekwenda kurekodi Babati. Nilikasirika, maana nilizisawazisha pande zote mbili kwa masikio yangu mwenyewe. Nikasikiliza upya, na safari hii kushoto kulikuwa hafifu, wala si kelele. Basi hedifoni zimekufa upande mmoja, nikajiambia, zinanidanganya mpaka naongeza sauti ya kushoto kupita kiasi.

Nikaamua kuzipima. Sehemu tulivu kuliko zote kwetu ni ghala, kwa sababu magunia ya mahindi na maharage yanameza mwangwi. Nilitoboa ubao, nikachomeka maikrofoni ndogo ya kupimia kwenye tundu, nikaulaza upande wa kushoto wa hedifoni juu yake. Kompyuta inatoa mlio unaoanza chini kama trekta la mbali na kupanda mpaka unakuwa filimbi, halafu inachora mstari wa kile maikrofoni ilichosikia.

Mstari wa kwanza ulionyesha besi imeanguka kabisa. Nilifurahi, nimemkamata mwizi. Nikaziweka upya, besi ikarudi. Nikaziweka tena, ikapungua nusu. Nilichanganyikiwa mpaka nikagundua kwamba pedi isipokaa sawasawa kwenye ubao, besi inavujia pembeni. Nikaikandamiza kwa kifuko cha maharage. Mstari ukatulia. Nikapima kulia vilevile, nikalaza mstari mmoja juu ya mwenzake. Ilifanana kama mapacha.

Sikukubali. Nikazivaa kinyume, upande wa kulia kwenye sikio la kushoto. Kama kosa ni la hedifoni, udhaifu ungehamia kulia. Haukuhama. Hapo mtu mwenye akili timamu angeelewa, ila mimi nikaulaumu ubao, nikailaumu maikrofoni, nikaulaumu hata umeme wa Gitting ambao siku hiyo haukuwa na kosa lolote. Kichwa kilikuwa kimejaa ukungu.

Nikarudia kipimo cha mwisho. Nilikaa kando ya ubao, sikio la kulia nimelielekeza kwenye mlio, kushoto kwangu mlango wa ghala. Mstari ukatoka na kinundu katikati ambacho hakikuwapo mwanzo. Nikashangilia moyoni, kwamba hatimaye kasoro imejitokeza. Nikafungua kile maikrofoni ilichorekodi ili niisikie vizuri.

Nyuma ya mlio kulikuwa na mama. Alikuwa ananiita kutoka mlangoni, taratibu, kama anavyoniita tangu utoto. Akaita tena, karibu zaidi. Kisha zikasikika hatua zake zikiondoka.

Nilirudisha nyuma nikasikiliza upya, nikiwa bado natafuta maelezo mengine. Maikrofoni iliyofunikwa na hedifoni na kifuko cha maharage ilimsikia mama. Mimi, mtoto wake, niliyekaa wazi bila chochote masikioni, sikumsikia. Niliogopa, nasema wazi. Masikio ndiyo jembe langu.

Nilimkuta jikoni anachambua mboga. Kikombe changu cha chai kilikuwa juu ya meza kimefunikwa kwa sahani. Hakuniangalia.

"Nimekuita, ukanyamaza," alisema. "Na bibi wa hapo chini naye analalamika. Anasema siku hizi unampita njiani kama gogo. Nikamwambia huyu sikumlea hivyo."

Nikakumbuka njia ile. Nikipanda kutoka barabarani, nyumba ya yule bibi iko kushoto. Nilitaka kumweleza mama habari ya mistari na ubao, lakini maneno yalikuja ovyo ovyo, nikaishia kugusa sikio langu na kusema halisikii. Nilimwambia sijui tangu lini, sijui ni nini, na kwamba kesho nitakwenda hospitali Katesh kabla sijamjibu mwalimu. Alinitazama sana. Nilidhani hajanielewa, kwa sababu hata mimi nilikuwa sijajielewa.

Nikakaa kwenye kigoda nikafunua chai. Mama aliendelea kuchambua mboga upande wangu wa kushoto, na nikaona midomo yake inacheza. Kitu fulani kuhusu yule bibi, nadhani, au kuhusu hospitali. Nikaitikia tu, "Ndiyo, mama."

Akainuka na ungo wake, akazunguka nyuma yangu, akaketi kulia, akaanza kusema upya.