Nyumba Isiyowasha Moto

Wiki iliyopita boila letu la kupashia nyumba joto lilikufa, tena asubuhi ya jalidi, ile ya nyasi kugeuka nyeupe na miguu kuteleza mlangoni. Binti yangu alishuka ngazi kajizongazonga blanketi, akaniuliza kwa Kiingereza chake tutaishije humu. Nilicheka. Mtoto huyu hajui baridi. Nikaanza kumhadithia nyumba yetu ya zamani kule Queensbury, lakini kabla sijafika popote fundi alikuja, boila likapona, naye akarudi kwenye simu yake. Basi nakuhadithia wewe, maana hadithi ikishaanza kunipanda mimi huwa hairudi chini.

Tulikuwa watu watano: Bibi mzaa baba, baba, mama, kaka yangu na mimi. Tulitoka Unguja baada ya mapinduzi tukaja huku Ulaya, mimi nikiwa wa kubebwa, kwa hiyo Unguja ninayoijua ni ya kuhadithiwa. Shangazi, binti pekee wa Bibi, alibaki kule na mumewe. Bibi alisema atarudi kumfuata mambo yakitulia. Kila mwaka mambo yalikuwa bado kidogo kutulia.

Nyumba ile ilikuwa na hita moja tu ya mafuta ya taa, sebuleni, na maisha yetu yote ya majira ya baridi yaliizunguka hiyo. Asubuhi vyumbani barafu ilikuwa imeganda upande wa ndani wa dirisha, tunaikwangua kwa kucha. Tukikimbilia chini tunamkuta Bibi, koti la baba juu ya kanga zake, keshaweka birika la chai ya tangawizi juu ya hita. Ndiye aliyegundua kwamba panapokaa birika hukaa na sufuria. Maganda ya machungwa aliyabanika pale ili nyumba inukie. Jumapili ilikuwa siku ya bokoboko: ngano na nyama vinaanza jikoni tangu alfajiri, vinamalizikia juu ya hita, Bibi anasonga na mwiko mpaka huwezi tena kujua nyama ni ipi na ngano ni ipi, kisha anamwagia samli na vitunguu vya kukaanga. Madirisha yalijaa mvuke, nasi tukayachora nyuso. "Ulaya ni hii hapa," alikuwa akisema, akigonga ubavu wa sufuria. "Huko nje ni friji tu."

Baba alifanya kazi ghalani huko Hayes, karibu na uwanja wa ndege. Jioni moja alirudi mapema, akakaa bila ya kuvua koti. Msafiri kutoka nyumbani alikuwa amemletea habari kwamba shangazi amefariki kwa homa, na arobaini yake imeshapita. Bibi hakupiga ukelele. Aliuliza nani aliyemwosha. Baba hakujua. Bibi akainuka, akaenda jikoni akazima jiko na mchuzi haujaiva, kisha akarudi akazima na hita.

Kwetu nyumba yenye msiba haipiki. Majirani ndio waletao chakula siku tatu, na wafiwa wanaachwa walie. Lakini walioianzisha desturi hiyo hawakuwahi kuona jalidi. Hita yetu, kwa vile ilikuwa ikipikiwa, Bibi aliihesabu kuwa ni jiko.

"Mama, watoto wataumwa," alisema baba.

"Wavae."

"Na chakula?"

"Wataleta."

"Nani, mama?" mama yangu aliuliza polepole. "Hapa hakuna anayejua kama tumefiwa."

"Wataleta," alisema Bibi, akajifunika ushungi wake.

Tulilala na makoti, tumekula mkate mkavu. Kulipokucha tulikaa mkekani tukitazama pumzi zetu zikitoka kama moshi. Kila hatua zikisikika nje, Bibi aliinua kichwa. Mtu wa maziwa akapita. Mtu wa barua akapita. Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa: Bibi alitaka kujua kama tuna watu katika nchi hii. Na kila hatua zilipopita mlango wetu, uso wake ulizidi kuzeeka. Mpaka leo ninamwonea huruma hata kumkumbuka.

Adhuhuri mlango ukagongwa. Alikuwa mama wa Kihindi wa nyumba ya pili, mzaliwa wa Mombasa, ambaye mpaka siku ile tulikuwa tukisalimiana naye juu ya ua tu. Alivaa sari, na juu yake sweta la mumewe.

"Tangu jana sioni mvuke madirishani kwenu," alimwambia mama. "Nikamwambia bwana, hawa hawapiki, pana jambo."

Mama akamweleza. Yule mama akavua viatu, akaingia, akapiga magoti mbele ya Bibi.

"Makiwa, bi mkubwa."

Bibi aliinua uso kuipokea pole hiyo. "Tunayo," alijibu, na hapo ndipo kilio kilipomtoka.

Jirani alimwacha alie. Kisha akatafuta kiberiti na kuinamia hita. Bibi akataka kumzuia. "Moto huu ni wa kuota tu, bi mkubwa," alisema. "Tena nawasha mimi. Wewe hukuwasha kitu." Akaenda kwake, akarudi na wali wa choroko uliokolea samli, na achari ya ndimu. Nyama haikuwa ikipikwa nyumbani mwake. Bibi alikula, akamaliza. Yule mama alileta chakula siku zote tatu.

Miaka ikapita. Yeye alihamia Stanmore na wanawe, na Bibi alipofariki alikuja kutoka huko, sufuria amelipakata ndani ya gari. Sasa naye hayupo. Hita zile nazo huzioni tena, na madirisha ya siku hizi ni ya vioo viwili, hayashiki mvuke. Mtu anaweza kukaa asipike, jirani asijue.

Mama yangu alifariki majira ya baridi yaliyopita. Makaburini watu walinikumbatia, wengine na sare zao za hospitali chini ya makoti, wakarudi kazini. Siwalaumu. Simu yangu ilijaa salamu za pole. Nilikaa jikoni, jiko sikuliwasha, nikawa nautazama mlango. Jioni ikaingia. Binti yangu akaja akaniuliza, kwa upole kabisa, kama aagize pizza. Nikamwambia asiagize. Nikawasha jiko, nikajipikia msiba wa mama yangu. Hakuwepo mkubwa aliyebaki wa kunikataza.