Siku Mama Alipokwenda Kuiaga Benki

Mwanangu, katika siku zote za ujana wangu, ninayoikumbuka zaidi ni ile ambayo bibi yako alikwenda kuaga. Hakwenda kumuaga mtu. Alikwenda kuiaga benki.

Nilikuwa nimerudi Kyela na shahada yangu, na sikuacha kitu kipite bila kukihoji. Nilimhoji mchungaji, nikamhoji bwana shamba, nikahoji hata mizani ya wanunuzi wa kokoa. Nyumba hii tunayokaa nilikuwa nimeimalizia kwa mkopo wa benki ya hapa mjini, kwa riba isiyobadilika hadi mwisho, na hati ya kiwanja ikawekwa dhamana. Unajua nani amelala kwenye kiwanja hiki. Kaburi la babu yako liko pale kwenye migomba.

Basi benki moja ya Mbeya ikatangaza riba ya chini kuliko yangu. Nikapiga hesabu, nikaona nakamuliwa bure. Nikaamua kuhamisha mkopo. Mama aliniuliza jambo moja tu: hati ikiwa njiani, itakuwa mikononi mwa nani? Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya wanasheria. Hakubisha. Alikwenda kusimama migombani, akakaa huko muda, kisha akarudi na kusema lazima twende tukaage.

“Mama, benki haiagwi,” nikamwambia.

“Siku ya kuomba mkopo uliniita nikae pembeni yako. Leo unaondoka kimyakimya, kama umeiba?”

Nilikubali ili yaishe. Akavaa kitenge cha kanisani, akabeba kikapu cha mchele wa shambani kwetu, tukapanda bajaji. Kwa meneja alianza na salamu: afya, watoto, mvua, mpunga. Mimi natazama saa ya ukutani. Ndipo akaweka kikapu mezani. Meneja akakirudisha taratibu, akaeleza kwamba haruhusiwi kupokea kitu cha mteja.

“Sikuhongi, baba,” mama akasema. “Nani anamhonga mtu anayemwacha? Mlitusitiri, ndaga fijo, asanteni sana. Binti yangu amepata riba nafuu Mbeya, kwa hiyo tunaondoka.”

Meneja akavua miwani. Akasema wateja wengi wamewahi kuondoka, na habari zao huzipata kwa barua ya benki nyingine. Wa kuja kuaga hajawahi kumwona. Kisha akanigeukia.

“Dada, mbona hukutuuliza kama na sisi tunaweza kupunguza?”

Mimi niliyehoji dunia nzima, mwanangu, swali hilo halikuwahi kunijia.

Hata hivyo sikumwamini papo hapo, ndivyo nilivyo. Nilidai jibu la maandishi. Nikadai pia nijue ada ya kuvunja mkataba mapema, malipo ya mthamini na gharama za kusajili dhamana upya, mambo ambayo sikuyaweka kwenye hesabu yangu ya kwanza. Jibu likaja: riba imeshuka. Haikufika ile ya Mbeya, lakini nilipojumlisha yote, kubaki kulikuwa nafuu, na hati haikutoka kwenye kabati la benki. Mchele tulirudi nao, tukaula.

Mama alikwenda migombani akamwambia baba, kwa Kinyakyusa, kwamba hahamishwi. Nilisimama nyuma yake, na kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na swali.

Kwa hiyo nakwambia: riba ikishuka kwingine, usibaki ulipo kwa uvivu wala kwa woga. Uliza. Hesabu gharama za kutoka pamoja na za kuingia. Lakini aliyekukopesha ndiye wa kwanza kumwendea, umtazame usoni na kumwambia kwa nini unataka kuondoka. Ukihama baada ya hapo, hama kwa amani.

Mungu akupe nyumba isiyovuja, na akulinde na haraka yangu. Na siku ukiondoka mahali, waliobaki wakukumbuke kwa heri uliyowaachia.