Mbao za Mama Ritha

Apolonia alirudi Geita kutoka kumzika shangazi yake Ushirombo, akakuta dari la karakana yake tupu. Mbao kumi na moja za mninga, zilizokauka pale taratibu miaka tisa bila kuonja jua, hazipo. Zimebaki alama kwenye vumbi.

Kata nzima ya Kalangalala walimjua: Mama Ritha wa magitaa. Kazi alirithi kwa marehemu baba yake, seremala wa misheni: kukunja mbavu za gitaa kwenye bomba lililopashwa moto, kuunga kwa gundi ya ngozi ya ng'ombe, kisha kusugua nta ya nyuki siku baada ya siku mpaka mti utoe rangi yake wenyewe. Vanishi ya dukani hakutaka hata kuinusa. Kwa mwaka alimaliza magitaa manne, basi.

"Nani kaingia humu?" alimuuliza binti yake.

Ritha akatazama chini. "Mjomba Bujiku. Alisema mmeelewana."

Apolonia hakunywa hata maji. Alipanda bodaboda mpaka machimboni, kitenge cha msiba kingali kiunoni. Bujiku, mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa amekaa kando ya duara lake, shimo la dhahabu, akitafuna karanga.

"Shikamoo, dada."

"Kaa na shikamoo yako! Mbao zangu ziko wapi?"

Bujiku akaonyesha shimo kwa kidevu. "Kuta zilianza kumeguka, sina matimba ya kuzizuia. Dada, mbao si mbao tu? Nitakununulia nyingine, mpya kabisa."

Apolonia akachungulia. Zile pale, zimekatwakatwa, zimekongomewa misumari ya inchi sita, zimezuia udongo. Mbao ambazo baba yao alizigonga moja moja kwa kidole, sikio limeegemea, akisikiliza kama zitaimba! Akanyakua mtaimbo, akauchomeka nyuma ya ubao wa kwanza.

"Nani huyo?" sauti ikapanda kutoka chini. "Usiguse, tuko watatu huku!"

Akautupa mtaimbo kule.

"Bebe, wewe Bujiku! Ungeniomba, ningekuvunjia hata kitanda changu. Umeniibia nikiwa makaburini!"

"Watu wangekufa, dada."

"Usijifiche nyuma ya watu! Mbao za matimba zinauzwa pale barabarani. Umezipita kwa sababu zangu ni za bure."



Wiki iliyofuata Bujiku alileta mbao za paini na beberu wa kuomba radhi. Apolonia akavirudisha vyote na bodaboda ileile. Alikwenda Bukombe mwenyewe, akanunua gogo lenye kibali, akalipasua, akazipanga mbao darini. Zitakauka baada ya miaka mingine tisa, atakapokuwa na miaka sitini na saba.

Krismasi Bujiku alikuja, Ritha akampakulia wali. Apolonia hakutoka karakana. Alikuwa akipiga randa kipande cha shingo ya gitaa, mninga pekee wa zamani uliosalia, na kila mdogo wake alipocheka sebuleni, mkono wake ulikandamiza zaidi, mpaka randa ikachana mti. Akatukana kwa sauti, ili asikike.