Karatasi ya Boksi la Saba

Janine Holroyd alifika kwenye nyumba ya wazee ninayofanyia kazi hapa mji wa Batley Jumanne moja ya Februari, mita ya kupimia begani na faili la ukaguzi wa miaka mitano iliyopita kwapani. Alikuwa na miaka arobaini na minne, fundi umeme tangu usichana wake, si mtu wa maneno mengi. Nyumba yetu imeongezwa vyumba mara tatu, ndiyo maana ina maboksi tisa ya swichi, na kila boksi lina karatasi yake ya vipimo.

Karatasi za zamani zilijazwa na Ernest Sugden. Huyo mzee ndiye aliyemfundisha Janine kazi na kumkingia kifua wakati mafundi wengine walipomcheka.

"Ernest alimaliza kwa siku mbili," meneja wetu, Philippa, alimwambia.

"Mimi sina mbio hizo," Janine akajibu.

Siku ya pili aliingia chumbani kwa Bibi Winnie nikiwa namlisha. Bibi huyo ana miaka tisini na mmoja. Alipomwona Janine anaelekea kwenye sinki, alisukuma kijiko changu pembeni.

"Usiguse bomba hilo, mwanangu. Linauma."

Nikacheka. "Bibi na bomba lake! Msamehe, dada, ndiyo wimbo wake."

Miaka miwili tulikuwa tumeandika kwenye faili lake kwamba akili inamruka, na daktari akamwongezea dawa. Janine hakucheka. Aligusisha mita kwenye bomba, akaitazama, akaturudisha nyuma sote wawili.

"Bibi hana kichaa," alisema. "Bomba lina umeme. Chumba hiki kinalishwa na boksi namba ngapi?"

Lilikuwa la saba, lililoko darini. Nilimshikia ngazi. Alikuta skrubu za kifuniko zimezibwa na rangi ya ukuta iliyokauka miaka mingi, hata bisibisi haikupata pa kuingia. Alipoikwangua na kufungua, waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, ulikuwa umechomoka, unaning'inia, na nyaya nyingine zimeoza maganda. Ndani mlikuwa na saketi nane, yaani njia nane za umeme. Karatasi ya Sugden ilionyesha kumi na mbili, na tarakimu zake zilikuwa zile zile za boksi la sita, mpaka ya mwisho.

Janine alishuka, akakaa kwenye kidato cha chini.

"Hakulifungua," alisema. "Mzee wangu hakulifungua kabisa."

Akazima boksi lile. Vyumba vyote vya nyuma vikabaki bila taa wala joto. Philippa alikuja mbio.

"Nina wazee kumi na mmoja upande huu! Unaijua baridi ya leo? Rudishia huo waya, tuyamalize kimya kimya."

"Waya mmoja hautoshi, mama, zote zimeoza. Na mimi siandiki salama pasipo salama."

Jioni hiyo alikwenda kwa Sugden. Aliyoambiwa huko alinisimulia baadaye. Mzee alimkaribisha kwa furaha, akaweka birika jikoni, mpaka alipoiona karatasi mkononi mwake.

"Magoti, binti," alisema. "Ngazi ile ilinishinda. Nikasema nitarudi kesho yake."

"Kesho hiyo ina miaka mitano, Mzee. Kuna bibi alikuwa anapigwa na umeme akinawa mikono."

"Utaandika jina langu?"

"Jina uliliandika mwenyewe."

Sugden akazima birika. "Basi nenda. Chai utakunywa kwingine."

Taarifa ikaandikwa. Wazee kumi na mmoja walihamishiwa nyumba nyingine wiki tatu, nyaya zikabadilishwa. Mmoja wao, Bwana Harold, alishikwa na kifua huko ugenini, akafa. Janine alinipigia simu kuniuliza kama ni kule kuhamishwa kulikomuua. Nilimwambia ni uzee, akasema asante, na sidhani kama kuna kati yetu aliyeamini.

Nilikwenda kumwomba radhi Bibi Winnie. "Miaka miwili mlinipa vidonge," alisema, kisha akageukia dirishani.

Sugden aliitwa kuhojiwa, akafutwa kwenye orodha ya wakaguzi. Mjini watu waligawanyika. Kwenye baa anayokunywa mzee huyo, mafundi walisema Janine amemuuma aliyemlisha. Juzi nilikutana na Janine sokoni, nikamuuliza kama anajuta.

"Sijuti," alisema. "Ila mtaani kwake sipiti. Nikienda kazini nazunguka na gari kupitia kule kanisani, dakika kumi zaidi, kila siku ya Mungu."