Kilimanjaro ya Kiongoroni

Waombe watu wazima wa Kiongoroni wakuonyeshe picha zao za Idi za zamani, utashangaa. Wote wamesimama chini ya Mlima Kilimanjaro. Kanzu zina mikunjo ya dukani, viatu vingine vya kuazima, na nyuma yao theluji imetulia kileleni. Na wengi wao Moshi wanaisikia redioni tu.

Mlima huo ulikuwa wa Gharibu. Ulichorwa kwenye pazia, naye kila Idi alilitundika uani kwake, akapiga watu picha kwa kamera ya mkanda tangu watoke kuswali mpaka jua linazama. Mwaka mmoja alijaribu kupiga bila pazia. Watu wakamjia juu kabla hajapiga hata moja.

"Sasa tope lote hili nimtumie nani?" aliuliza Khamisi, mkata mikoko. "Shemeji zangu wa Temeke si watasema nimepigwa picha nimekwama?"

Basi pazia likarudi kambani.

Sasa Gharibu ana miaka sitini na tatu, na ana kibanda cha picha za pasipoti Kibiti mjini, jirani na stendi. Kiongoroni alihama baada ya bahari kuila nyumba yake. Haikuila kwa kishindo. Ilianza na mnazi mmoja, ukafuata wa pili, maji ya kisima yakaingia chumvi, kisha siku ya bamvua, maji yalipojaa kupita kawaida, mawimbi yakaingia mpaka jikoni. Mkewe, Subira, alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. "Afadhali hakuyaona haya," watu walimwambia. Yeye aliitikia tu.

Mwaka jana akaja Warda, binti wa chuo kikuu anayechunguza jinsi bahari inavyokula pwani. Kazi yake inavutia: anatafuta picha ya zamani, anakwenda kusimama palepale aliposimama mpigaji, anapiga tena, halafu anaziweka mbili pamoja. Alimweleza Gharibu kuwa kuna watu wanafanya hivyo kwenye milima yenye barafu, mwaka hadi mwaka, na unaiona barafu inaisha kama kipande cha sabuni bafuni.

"Picha za Kiongoroni?" Gharibu alisema kwa fahari. "Umefika kwa mwenyewe." Akashusha kasha lake la bati la picha.

Warda akatazama moja, mbili, ishirini. "Mzee wangu, hapa Kiongoroni au Moshi?"

Gharibu alicheka mpaka akakohoa.

"Na hiyo theluji," Warda akaongeza, "siku hizi haiko hivyo tena. Imebaki kidogo sana."

Kicheko kikamkatikia njiani. Miaka yote ile amepiga picha uani kwake, na hana hata moja yenye ua wake. Sura ya Subira anayo, chini ya mlima, anacheka. Lakini pale alipopafagia kila asubuhi hapapo. Na mlango wa jiko, ulitazama kisima au ulitazama bahari? Alijaribu kukumbuka, ikamshinda. Hapo akaogopa kweli.

Akaanza kuwauliza wateja wake wa zamani kama wana picha zilizoharibika, ambazo pazia halikuziba ua. Walimcheka. Nani anaweka picha mbovu? Mpaka siku alipopita kwa Swaumu, shoga wa Subira, anayeuza mikeka sokoni.

"Shemeji, ile uliyoniharibia ninayo."

"Nilikuharibia mimi au upepo?"

"Wewe. Upepo ulikuwa na kamera?"

Aliitunza kwa sababu ndiyo picha pekee aliyopigwa amempakata mwanawe Mudrick akiwa mchanga. Upepo ulikuwa umelifunua pazia, mlima umejikunja upande mmoja kama tambara la jikoni. Upande wa pili, ua wote: jiko la makuti, sufuria zimefudikizwa uchanjani, pete ya saruji ya kisima, kanga ya Subira kwenye kamba. Subira mwenyewe hayumo. Bahari iko mbali huko, nyembamba kama uzi.

"Mlango ulitazama kisima," Gharibu alisema polepole.

"Ulitazama kisima, ee. Kwani ulisahau?"

Gharibu aliisogeza picha karibu na macho. Swaumu akaacha utani, akamsogezea mkeka akae.

Wiki iliyofuata Gharibu na Warda walishuka bandarini Nyamisati, wakapanda boti ya Hemedy mpaka Kiongoroni. Maji yalikuwa yamekupwa. Pete ya kisima ilisimama peke yake ndani ya bahari. Gharibu akakunja suruali, akashuka, maji ya magoti. Kutoka kisimani alihesabu hatua za Subira mpaka mlango wa jiko, midomo inacheza. Akasimama. Akarudi hatua moja nyuma, maana Subira akiwa na ndoo iliyojaa hatua zake zilikuwa fupi.

"Hapa."

Warda, nakala ya picha mkononi, alihangaika majini mpaka akapata mahali pa kusimama. "Mzee, sogea kidogo kulia. Umeingia kwenye picha."

"Najua."

"Ile ya zamani pale mlangoni hapana mtu."

"Ndiyo, mwanangu. Piga."

Hemedy akapiga kelele kutoka kwenye boti kwamba maji yanaanza kujaa. Gharibu hakugeuka. Alinyoosha shati lake, akakitazama kisima kama mtu anayemngoja mwenzake arudi na maji.