Machozi Niliyoyatoa Sinemani

Sikuwa nimekunywa kitu siku ile, wala sikuwa na homa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo kila mtu hunirushia kwanza. Ilikuwa Jumamosi, saa tisa mchana, na mimi ni mtu wa karatasi: naandika hati za mizigo kwa wakala mmoja pale bandarini Bujumbura, na nikikosea herufi moja, boti ya Kigoma haitoki. Sina mazoea ya kuona visivyokuwapo. Nisikilize mpaka mwisho, ndipo uamue.

Mjini kulikuwa na ukumbi mdogo, ghorofani juu ya duka la vitambaa, walikoonyesha filamu bure kila Jumamosi. Si zile za ngumi ambazo mtu anatafsiri kwa kelele juu ya picha. Hizi zilikuwa za giza, za polepole, nyingine hazina muziki kabisa, na zikiisha hujui uinuke au uendelee kukaa. Mimi nilizipenda. Spès, mwenzangu wa ofisini, alikuja mara moja, akasinzia, akaamka na kuniuliza, "Sasa hapo umependa nini? Hakuna hata aliyelia!"

Ndicho hicho nilichokipenda. Mume wangu alikuwa ameondoka miaka minne kabla, naishi peke yangu mtaani Musaga, na nilikuwa nimechoka na watu wanaotaka uwaonyeshe huzuni yako ili waipime. Kwenye filamu zile mtu alivunjika ndani, uso umetulia, na wewe ukaona. Niamini, kuna raha ya ajabu katika kuona hivyo. Ni kama umeambiwa siri wewe peke yako.

Siku ile mvua ilinyesha vibaya, hakuna mwingine aliyekuja. Mzee Déo, aliyekuwa anaendesha mashine ya picha, alivuta mapazia, akaniwashia filamu, akarudi kwenye kijichumba chake nyuma.

Ilikuwa filamu ya mama anayefua nguo katika hoteli. Simu inalia, anapokea, anasikiliza. Sisi hatusikii anachoambiwa. Anaiweka simu, anarudi kukunja mashuka. Anakunja la kwanza. Anakunja la pili. Kwenye la tatu, kidole gumba chake kinasimama juu ya kitambaa. Basi. Kidole tu.

"Mutoto wake amekufa," sauti ikasema.

Nilishtuka. Mwanaume alikuwa amekaa safu yangu, kiti kimoja katikati yetu. Sikuusikia mlango. Umri wake kama miaka hamsini, koti limefungwa vifungo hadi shingoni. Na koti lile lilikuwa kavu. Nje mvua inamwagika kama mbingu imetobolewa, na yeye hana hata tone begani.

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Sura ya namna hiyo mi naijua." Hakuyaondoa macho kwenye picha. "Mi ni mutu wa Gatumba. Maji ya mafuriko yalipoingia, nilibeba batoto ya jirani, watatu, nikawafikisha barabarani. Nikageuka kuchukua wangu. Nyumba haikuwapo tena."

Aliyasema hayo kama mtu anayekuelekeza njia ya sokoni.

"Pole sana, papa."

"Asante. Watu walisema mi ni mwanaume kweli, sikulia. Apana. Nilitaka kulia. Machozi ayakutoka."

Hapa nakuambia jambo ambalo naona aibu nalo. Nilimtazama jinsi ninavyowatazama waigizaji. Nilitafuta kile kidole kinachosimama. Nikakipata: msuli mdogo chini ya jicho lake la kushoto, unacheza, unatulia. Nikafurahi! Mtu amenieleza habari ya watoto wake waliokufa, na mimi moyoni nasema, huyu anaigiza vizuri kuliko wote. Mtu mpweke anaweza kufika huko, usishangae.

Naye akajua. Akasema, "We dada, unapenda sura kavu. Machozi yako unayafanyia nini?"

"Sina kazi nayo."

"Basi nipe."

Nikacheka. Ungefanya nini wewe? Nikasema, "Chukua, papa. Chukua yote."

Ndipo akageuka kwa mara ya kwanza. Akanyoosha mkono, akapitisha kidole chini ya macho yangu, moja, halafu jingine, taratibu, kama mtu anayefuta vumbi kwenye picha. Sikuusukuma mkono wake. Tangu mume wangu aondoke hakuna aliyekuwa amenigusa usoni.

Halafu uso wake ukabomoka. Alilia mdomo wazi, mabega yakitikisika, akiita majina ya wanawe: Aline, Chadia, Petit. Aline, Chadia, Petit. Maji yalimtiririka kidevuni, yakaloweka koti, yakadondoka sakafuni. Nilijua napaswa kumshika mkono. Nilijua hivyo kichwani tu. Usoni kwangu hakuna kilichosogea.

Alipomaliza akainuka, akainamisha kichwa. "Urakoze cane, dada," akanishukuru kwa Kirundi, akatoka.

Mzee Déo akaja kufungua mapazia. "Bwana wako amekuacha na mvua hii?"

"Bwana gani?"

"Huyo unayekuja naye. Kila Jumamosi anaingia nyuma yako, anakaa kiti cha nyuma yako. Mi nilifikiri mmegombana, leo mmepatana."

Nilikuwa nikienda pale peke yangu miezi saba.

Wiki iliyofuata nilikwenda Gatumba. Nikamweleza mama mmoja anayeuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, yule mtu na koti lake. Akaniambia, "Wanaume wa hivyo hapa ni wengi, dada. Unamutaka yupi?" Mpaka leo sijui kama alikuwa hai au mfu.

Mwanzoni sikuona tofauti. Kisha nikagundua vitunguu havinisumbui, wala moshi. Nikaenda kwa daktari wa macho, akanimulika, akasema macho ni mazima, akanipa dawa ya matone.

Halafu mama yangu akafa. Mama aliyenizaa. Mdogo wangu Consolate alianguka juu ya jeneza, wakamshika watu watatu. Mimi nilisimama. Ndani nilikuwa naungua, naapa, kifua kilitaka kupasuka, na uso umetulia tuli. Nikawasikia shangazi zangu nyuma: "Mutazame yule. Hata tone." Siku ya kumaliza matanga hakuna aliyekaa karibu nami. Wengine wanasema mimi ndiye niliyemla mama kwa uchawi. Consolate hapokei simu yangu.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayependa kukaa peke yako mahali penye giza ukitazama huzuni za watu. Zitazame tu. Lakini mtu usiyemjua akikuomba kitu cha mwili wako, hata kama ni kidogo, hata kama unadhani hukihitaji, usimjibu kwa utani. Mwambie apana, uondoke.

Mimi bado namtafuta. Jumamosi natembea Gatumba, nawatazama wanaume usoni. Nikimpata sitamdai yote, maana najua na yeye aliyahitaji. Nitamwomba anirudishie ya mama tu.