Maswali Pambizoni mwa Sura ya Tisa

Bethuel alikuwa mhafidhina, tusifichane. Alipenda kazi, sabuni, Biblia na mwanamume anayelala nyumbani kwake. Hakupenda kodi, pombe, migomo, wala vijana wa kiume wenye nywele za kufika mabegani. Mawazo hayo hakuyaokota Uingereza, aliondoka nayo Kisii, alikolelewa Kisabato na kufundishwa kupanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji cha misheni. Alipotua Birmingham mwaka 1967, na koti moja la mvua na barua ya mchungaji, alidhani amefika kwa watu wa fikira zake. Masikini! Wiki ya kwanza tu alikuta kiwanda kizima kimesimama nje kimegoma, kisa na maana maji ya chai yamechelewa kuchemka.

Kiwanda chenyewe kilikuwa Winson Green, kitongoji cha Birmingham, mtaa wa pili kutoka gereza la hapo, jengo la matofali meusi lenye wafanyakazi tisa. Kilichapa kadi za mazishi, majarida ya makanisa na matangazo ya minada. Kilikuwa cha kizamani hata kwa wakati ule: herufi za risasi, moja moja, unaziokota kwa vidole na kuzipanga mstari kwa mstari. Wengine waliiona kazi ya kuua macho. Bethuel aliipenda kupita kiasi, akaifanya mpaka mwaka 1979 mashine mpya zilipomwondoa, na ukimuuliza leo atakwambia hiyo ndiyo miaka aliyoishi vizuri. Alikuwa na kazi anayoijua, mke aliyemchagua mwenyewe, yaani Kemunto, muuguzi mwenye ulimi wa pilipili, na nyumba ghorofa ya kumi na moja pale Ladywood, ambako upepo ulipiga madirisha kutwa kucha. Mtu anataka nini tena?

Rafiki yake mkubwa kazini alikuwa Kewal, Singasinga wa Nairobi, fundi wa mtambo na mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi hapo kiwandani. Kewal alikuwa mjamaa mpaka kwenye kucha. Wawili hao walibishana kwa Kiswahili kuanzia asubuhi, Waingereza wakidhani wanapanga kazi.

"Wewe Bethuel, ungezaliwa Mzungu ungekuwa setla," Kewal alimwambia.

"Na wewe ungezaliwa saa ya ukutani, ungedai ovataimu kila ikifika saa kumi na moja."

Wakacheka, wakarudi kazini. Ndivyo walivyopendana.

Sasa, mwaka 1969 aliingia kiwandani mzee mmoja mrefu, mwembamba, amefunga tai kana kwamba anakwenda kuapishwa. Ndiye Bwana Hingley, mfamasia mstaafu wa Sutton Coldfield, aliyefiwa na mkewe na kubaki na hasira zake. Alikuwa ameandika kurasa arobaini za kupinga kodi. Wachapishaji wa London walikuwa wamemrudishia, mmoja baada ya mwingine, kwa barua za heshima. "Basi nitajichapishia mwenyewe," alisema, akaagiza nakala mia tatu.

Maduka ya vitabu ya mjini yalitupia jicho jalada, yakasema asante, hapana. Mzee hakukata tamaa. Alikaa mezani kwake akaandika barua kwa mkono, moja moja, kwa wafamasia wenzake, makasisi, wenye mabucha, wanajeshi wastaafu. Nakala zikaisha kwa wiki tano. Kisha barua zikaanza kurudi zikiuliza swali moja: una kingine? Akaandika kingine. Akachapisha cha mwalimu mkuu mmoja mama juu ya nidhamu shuleni, na cha mkulima aliyechoshwa na makarani wa serikali. Wala hakuwa peke yake. Katika miji mingine nako wahafidhina waliozoea kunung'unika magazetini walikuwa wameanza kunung'unika vitabuni. Ilipofika 1974, mwaka wa umeme kukatika, viwanda kufanya kazi siku tatu kwa wiki na uchaguzi kupigwa mara mbili, kila mtu alitaka kusoma ni nani aliyemharibia nchi. Maagizo yalikuja kwa magunia. Chumba cha chai kikageuzwa ghala, na Kewal, mwenyekiti wa chama, ikabidi anywe chai yake amekalia mafurushi ya vitabu vya kupinga vyama vya wafanyakazi.

"Angalau vina faida moja," alisema. "Ni laini."

Bethuel alikuwa akivisoma huku akivipanga. Akifika mahali penye neno zuri juu ya kubana matumizi au baba kukaa na wanawe, alisema "Amina" kwa sauti, Kewal akaziba masikio. Kila kitabu kilipokuwa tayari kukaguliwa, Bethuel ndiye aliyepeleka prufu, yaani kurasa za majaribio, Sutton Coldfield kwa treni. Mzee hakuwa mtu wa kupenda watu, lakini huyu alimpenda. Alipojua kwamba Msabato huyu hanywi chai, akawa anamchemshia maziwa mwenyewe, anayatia asali. Walikaa kwa muda wa saa mbili, hata tatu, wakipitia kurasa. Na mzee alikuwa na msimamo mmoja aliourudia mpaka Bethuel akaukariri: neno lisilo na shahidi halina nafasi kwenye kitabu changu. Alitoka kwenye dawa, ambako ukikosea kipimo mtu anakufa, na hakuona kwa nini vitabu viwe tofauti.

Novemba ya mwaka huo mzee alituma kwa posta kitabu chake kikubwa kuliko vyote, sura kumi na mbili. Nane za kwanza Bethuel alizipanga akiimba nyimbo za Kristo. Akafungua ya tisa, akanyamaza.

Sura hiyo ilisema juu ya watu waliotoka makoloni ya zamani. Ilisema hawapendi kazi. Ilisema wamekuja kuishi kwa jasho la wengine, hawajali sheria, na watoto wao hawatakuwa wa nchi hii hata wazaliwe hapa. Dawa yake: wapewe nauli, warudishwe kwao, wao na watoto wao. Bethuel aliisoma amesimama mpaka mwisho, kisha akarudi mwanzo, akidhani labda karatasi za mtu mwingine zimechanganyika humo. Hazikuwa zimechanganyika. Mwandiko ulikuwa uleule. Binti yake Roselyne alikuwa na miezi minane, amezaliwa hospitali ya hapo hapo mjini.

Kewal alimwona uso, akamnyang'anya karatasi, akasoma. "Tunazima mtambo leo hii! Wote tisa, nje!"

"Hakuna kuzima."

"Wewe unaumwa?"

"Ukizima, atapeleka kwingine, kitachapwa vilevile, na mimi nitakuwa sijasema neno. Tena, bwana, mnagoma kwa ajili yangu, mmeniuliza?"

"Hata wewe umetukanwa, bado unachukia mgomo! Ala!"

"Nipe mpaka Jumatatu, Kewal. Jumatatu fanya utakalo."

Kewal akatupa mikono juu, akakubali kwa shingo upande.

Kazi nyingine angepata, hilo halikumtisha Bethuel. Lilimuuma jambo jingine, nalo lilimuuma sana. Kwa miaka mitano alikuwa amesema amina kwenye vitabu hivi akidhani na yeye yumo. Je, hakuwamo? Na yule aliyekuwa akimtilia asali kwenye maziwa, alikuwa akimwona nani pale kitini? Alitaka kulijua hilo kabla ya mtambo kuwashwa, na alitaka kulijua kutoka kwa mzee mwenyewe.

Jioni alimweleza Kemunto, aliyekuwa akimlisha mtoto uji. Kemunto alisikiliza, kijiko kikasimama njiani.

"Na wewe utaipanga hiyo sura? Kwa mikono hiyo hiyo, Baba Roselyne?"

"Hiyo hiyo."

"Basi usinishike nayo."

"Ngoja nimalize, Mama. Kazi yetu ina sheria. Mpanga herufi habadilishi neno la mtu, hata nukta. Lakini akiona lisiloeleweka, ana haki ya kuandika swali pambizoni, na mwenye kitabu lazima alijibu kwa mkono wake. Swali lisipojibiwa, ukurasa hauchapwi."

Kemunto alikoroga uji. "Unakwenda kumwandikia Mzungu maswali kwenye kitabu chake."

"Ndiyo sheria ya kazi."

"Haya. Yaandike makubwa," alisema, akarudisha kijiko kinywani mwa mtoto.

Jumatano na Alhamisi Bethuel aliipanga sura nzima bila kuruka koma. Hakuimba. Alipotoa prufu, alichonga penseli, akaketi. Palipoandikwa "hawapendi kazi", akaandika pambizoni: Nani? Palipoandikwa "wanaishi kwa jasho la wengine": Nani? Palipoandikwa "hawajali sheria": Nani? Alifika mwisho na maswali ishirini na matatu, yote neno hilo moja, kwa mwandiko wake mzuri wa misheni.

Ijumaa mchana alipanda treni. Mzee alikuwa ameshachemsha maziwa. Alivaa miwani, akapitia sura ya nane bila tatizo, akafungua ya tisa. Bethuel alishika kikombe bila kunywa. Mzee alisoma swali la kwanza. La pili. La tano. Shingo ikaanza kuwa nyekundu.

"Bethuel, sikukukusudia wewe."

"Najua, Bwana Hingley. Ndiyo maana nimeuliza."

"Ni wengine."

"Sawa kabisa. Waandike majina, nitayapanga."

"Watu wote wanawajua!"

"Ukurasa wa kumi na nne wa kitabu hiki hiki, Bwana, umewacheka watu wanaosema 'watu wote wanajua'."

Mzee alirudi kwenye swali la kwanza. Akachukua kalamu. Bethuel alimwona akifikiri kweli, kwa sababu hakuwa mtu wa hila, alikuwa mtu mgumu tu. "Yule wa mboga kwenye kona..." alianza, akakatiza. Yule wa mboga, Navnit wa Kampala, alifungua duka saa kumi na moja alfajiri, mzee alimsikia akivuta mlango kila siku. "Kondakta wa basi..." Hapo tena akakwama. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Muuguzi aliyemuuguza mke wangu alitoka Jamaika," na kalamu akaiweka mezani.

Bethuel aliweka kikombe chini. Sisi kwetu tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye jembe alikuwa amelishika miaka saba, na wengine wote aliowajua walikuwa na lao mkononi. Angeweza kumwambia hivyo. Lakini maswali yalikuwa mezani tayari.

Mzee alisimama ghafla. "Umeniharibia sura yangu. Wasomaji elfu nne wameahidiwa sura hii. Elfu nne! Acha karatasi hapo, uende."

Bethuel akavaa koti. Alikuwa amefika mlangoni mzee aliposema nyuma yake, bado amekasirika: "Fanya haraka. Novemba hii jua linazama saa kumi, utachelewa Sabato yako."

Sabato hiyo ilikuwa ndefu. Kanisani Bethuel alipiga magoti akakosa la kuomba, akabaki kusema "Bwana, unajua." Kemunto alimshika mkono mbele ya waumini wote, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Hakumwachia mpaka wimbo wa mwisho.

Jumatatu saa mbili asubuhi Kewal alikuwa amekwisha kuwapanga watu karibu na mlango, ameshika mkono wa kuzimia mtambo. Mlango ukafunguliwa, akaingia Bwana Hingley mwenyewe, ambaye hakuwa amekanyaga hapo miaka mitatu, macho yamevimba kama mtu ambaye hakulala vizuri. Alikwenda moja kwa moja kwa Bethuel, akampa prufu mbele ya wote.

Bethuel alifungua. Pembeni mwa swali la kwanza, chini ya "Nani?", mzee alikuwa ameandika kwa wino: Sijui. Pembeni mwa la pili: Sijui. La tatu: Sijui. Alikuwa ameyajibu yote ishirini na matatu, hakuruka hata moja, kwa sababu ndivyo sheria inavyotaka. Na juu ya kila ukurasa, kutoka kona hadi kona, alikuwa amepiga mstari wa kuufuta.

"Usijipe kichwa," mzee alisema. "Sikuitoa kwa ajili yako. Sina mashahidi." Akageuza kofia mikononi. "Nimeona haya, Bethuel. Hilo pia halina haja ya kuchapwa." Akatoka.

Kewal aliachia ule mkono wa mtambo. Watu wakarudi kazini wakinong'ona. Ikabaki sura ya tisa juu ya meza, kurasa kumi na nane za risasi, na sura iliyofutwa haitupwi: lazima ivunjwe, kila herufi irudishwe kwenye kijisanduku chake kwa mkono. Ni kazi ya siku nzima. Bethuel alianza na mstari wa mwisho, ule wa nauli na watoto. Baada ya dakika chache Kewal akaja akasimama upande wa pili wa meza, akakunja mikono ya shati, akaanza kuokota, ingawa haikuwa kazi yake na chama hakikuiruhusu.

Waliokota herufi moja moja, kila moja kwenye kijisanduku chake. Kisha Kewal akainua herufi moja kwenye mwanga, akaitafutia kijisanduku, akaitia.

"Basi mzee kapata alichotaka," alisema. "Hawa ndio wanarudishwa kwao."

Bethuel alicheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, machozi yakamtoka, na yale ya mwisho hayakuwa ya kicheko. Alikuwa na furaha, na alikuwa amechoka kama mtu aliyebeba gunia tangu Kisii. Kewal akajifanya haoni, akaendelea kutafuta kijisanduku cha herufi iliyofuata.